Mafuta Meupe ya Makavuni

Wasimulizi wenzangu huanzia zamani za kale, enzi za sungura na fisi. Mimi siwezi. Haya yalitokea mwaka jana, na wahusika wote wangali kazini, isipokuwa mmoja. Jina la nchi yetu silitaji, kwa sababu kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, na kibali nimeomba. Nimeambiwa niwe na subira. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye amani na mawaziri sitini na wawili.

Mimi ni karani wa masijala katika Wizara ya Neema Zilizo Chini ya Ardhi. Majalada yote ya Kisima Namba Moja nimeyasoma, mengine nimeyachapa kwa vidole hivi hivi, na mengi niliyashuhudia kwa macho, maana Waziri alihitaji mtu wa kumbebea miwani. Msije mkasema nimeyaokota vijiweni.

Waziri wetu, Mheshimiwa Kasolwa Ndimila, aligundua mafuta kwa njia ya kitaalamu kabisa: aliota. Aliota anatembea katika kijiji cha Makavuni na viatu vyake vinanata. Asubuhi akaamuru mtambo wa kuchimba upelekwe huko. Katibu Mkuu alipouliza kwa adabu kama kuna ushahidi mwingine, Waziri alimjibu kwamba majirani zetu wote wana mafuta, na Mungu si mbaguzi.

Sheria yetu inataka kila mtambo wa kuchimba uwe na madereva kumi na wanne na mtaalamu mmoja. Mtaalamu aliyetumwa ni Sikudhani Kachema, mjiolojia, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mpole wa sauti, mwenye kasoro moja ambayo wasaili hawakuigundua: alikuwa na tabia ya kusoma vipimo kabla ya kuandika ripoti.

*

Makavuni kuko nyanda za katikati ya nchi, mahali ambapo wingu likipita watu hulipungia mkono. Wizara haikujenga nyumba ya mtaalamu, kwa hiyo Sikudhani alipangiwa kwa mjane mmoja, Bi Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye mgongo uliopinda kidogo kwa kubeba ndoo miaka arobaini.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani, akitua begi lake mlangoni.

"Marahaba, mwanangu, karibu. Maji ya kunawa ni hayo kikombeni. Taratibu usimwage. Ukishanawa, mbuzi anayasubiri."

Sikudhani alidhani ni utani. Aligeuka, akamwona mbuzi amesimama nyuma yake, anasubiri.

Maji ya Makavuni yalitoka bwawani, mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi. Bwawa lenyewe lilikuwa la kijani, na ng'ombe waliliingia kabla ya watu. Mwaka juzi lilimpa Ng'wasi, mjukuu wa Bi Nyamizi, homa ya kuhara. Siku ya nne wakamzika. Bi Nyamizi alilisimulia hilo huku anapepeta mtama, hakuacha kupepeta. Kesho yake alfajiri Sikudhani alichukua ndoo ya pili, akaenda naye bwawani. Alirudi na malengelenge, akachelewa kazini, na dereva mmoja kati ya wale kumi na wanne akaandika barua kumshtaki.

Juma hilo hilo, bango la Wizara lilipigiliwa kwenye ukuta wa zahanati. Lilisema wananchi wa Makavuni wajiandae kuhama kwa furaha ili kupisha Jiji la Mafuta. Watahamia mahali patakapotangazwa, tarehe itakayotangazwa, na atakayeuliza atachukuliwa kuwa ameuliza.

"Watatuhamishia penye maji?" Bi Nyamizi alimwuliza mgeni wake.

"Sijui, mama. Mimi kazi yangu ni mawe."

"Basi yaulize mawe."

*

Na kweli aliyauliza. Nitaeleza kwa kifupi namna mawe yanavyoulizwa, maana hata mimi nilikuwa sijui, na nilikuwa na miaka kumi na tisa Wizarani.

Kwanza, wakati wa kuchimba, mtambo unakata mche wa mwamba kutoka chini kabisa, mnene kama mkono wa mtu mzima, na kuupandisha juu mzima mzima. Mche huo wanauita kiini. Ukikishika, umeshika jiwe lenyewe. Pili, kisima kikishachimbwa, wanashusha kwa waya kifaa kirefu kama mlingoti, na kikivutwa kupanda kinapima ukuta wa kisima hatua kwa hatua na kuchora mistari kwenye karatasi ndefu. Mstari mmoja unaonyesha kama hapa ni mchanga au udongo wa mfinyanzi. Mwingine unaonyesha vitundu vilivyomo kwenye mwamba ni vingi kiasi gani. Wa tatu unaonyesha jinsi mwamba unavyokataa kupitisha umeme.

Waziri alifika siku karatasi ilipotoka, na msafara wa magari ishirini na tatu. Sikudhani aliitandaza juu ya meza ya turubali. Kwenye mita mia nne na thelathini, mstari wa tatu ulikuwa umeruka kulia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Huu unasema nini?" aliuliza Waziri. Nikampa miwani.

"Unasema kilichomo hapa hakipitishi umeme, Mheshimiwa. Maji ya chumvi hupitisha. Mafuta hayapitishi. Kwa hiyo huenda yakawa mafuta, au..."

"Mafuta!" alisema Waziri.

"...au maji matamu, yasiyo na chumvi. Nayo hukataa umeme vilevile. Mstari peke yake hauwezi kututofautishia, Mheshimiwa. Kiini kiko sandukuni. Naomba siku mbili nikipime."

Lakini Waziri alikuwa amekwisha kupanda juu ya boneti ya gari, na redio ya taifa ilikuwa hewani. Siku hizo mbili Sikudhani hakupewa, ila taifa zima lilipewa, za mapumziko. Mstari wa tatu ulichapishwa kwenye vitenge vya kijani, wake wa mawaziri wakashonewa magauni. Fundi aliyashona mengine juu chini, mstari ukawa unaruka kushoto. Hakuna aliyegundua.

*

Wakati nchi inacheza ngoma, Sikudhani alijifungia kwenye hema na kiini chake. Alivunja vipande, akaviweka chini ya taa ya rangi ya zambarau. Mwamba wenye mafuta chini ya taa hiyo hung'aa manjano kama macho ya paka anayemulikwa. Vipande havikung'aa. Alinusa. Harufu ilikuwa ya mvua ya kwanza. Akakamua kimiminika kilichokuwa ndani ya vitundu, akakipima chumvi, na chumvi hakuna. Mwisho alifanya jambo lisilo la kitaalamu, akachovya kidole na kukilamba.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini, akacheka peke yake. Halafu hofu ikamjia.

Hofu hiyo ilitokana na Fomu Namba Saba ya Matokeo ya Kisima. Fomu hiyo ina vyumba viwili tu vya kuweka alama ya vema. Kimoja kimeandikwa MAFUTA. Kingine kimeandikwa MAFUTA MENGI SANA. Fomu ikirudi bila alama, kanuni inasema kisima hicho ni aibu kwa taifa, kizibwe kwa saruji toka chini hadi juu.

Akiweka alama, kijiji kinahamishwa. Asipoweka, maji yanazikwa. Alizunguka meza hadi jua likapinda. Kisha akachukua rula na kalamu, akachora chumba cha tatu, akaandika pembeni yake kwa mkono: MAJI. MATAMU. MENGI SANA. Akakitia alama ya vema.

Fomu ilipofika masijala niliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa sijawahi kuona fomu ya serikali iliyoongezwa chumba. Niliipeleka kwa Mwanasheria wa Wizara, naye akatoa rai kwamba ni kosa: kujenga chumba bila kibali cha ujenzi.

*

Hata hivyo nchi yetu ni ya haki. Waziri hakutaka kumwonea mtu, hivyo aliunda Kamati ya Watu Tisa ya kuhoji kiini.

Kiini kililetwa makao makuu kwa gari maalumu, kikalazwa juu ya kitambaa chekundu. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa itifaki mstaafu, mtu aliyebobea katika kupanga viti. Sikudhani aliruhusiwa kuhudhuria, ilimradi asiseme.

"Wewe kiini," alisema Mwenyekiti, "una mafuta au huna?"

Kiini hakikujibu.

"Nakuuliza mara ya pili. Kuna mtu yeyote aliyekushawishi uwe na maji?"

Hapo wajumbe wote walimtazama Sikudhani.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Una mafuta?"

Kimya. Tulisikia feni tu. Mwenyekiti akafunga jalada na kunigeukia mimi niliyekuwa naandika kumbukumbu. "Andika: shahidi alinyamaza. Na kwa mila zetu, karani, kunyamaza ni nini?"

"Ni kukubali, Mwenyekiti."

"Naam."

Walipiga makofi. Sikudhani alisimama, akasahau kwamba haruhusiwi kusema. "Ndugu wajumbe, hili ni jiwe! Jiwe halidanganyi, lakini pia haliongei. Linapimwa! Nimeacha vipimo mezani kwenu wiki nzima. Kuna hata mmoja aliyevisoma?"

Mjumbe mmoja alisema alijaribu, ila vilikuwa na namba.

*

Siku ya uzinduzi, wageni wote walielekezwa kuvaa nguo nyeusi ili mafuta yakiwarukia yasionekane. Kwa hiyo Makavuni, saa sita mchana, kulijaa watu mia saba waliovaa kama wafiwa. Wanakijiji waliwekwa nyuma ya kamba. Jukwaani kulikuwa na hotuba sita. Ya Waziri ilikuwa ya mwisho, na ilisema kuanzia leo taa zetu hazitazimika tena. Kipaza sauti kilizimika hapo hapo, akaendelea kwa kupaza sauti.

Kisha akaifungua koki kubwa ya bomba kwa mikono yake miwili.

Ardhi iliguna. Bomba likatikisika. Halafu yakaruka, juu kuliko bendera, meupe, yanametameta juani, yakamwangukia Waziri, yakaangukia jukwaa, wageni, zulia na keki. Kukawa na baridi ghafla. Nyuma ya kamba, wanawake wa Makavuni walikuwa wamesimama midomo wazi, na mmoja wao alikuwa ameinua uso juu na kufumba macho.

Nilimhurumia Waziri, kumbe nilimhurumia bure. Kiongozi ni kiongozi. Alijifuta uso, akaitazama mikono yake, akapaza sauti:

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine hupewa mafuta machafu, zikahangaika kujenga mitambo ya kusafishia. Sisi Mungu ametupa yaliyokwisha kusafishwa!"

Makofi hayo sijapata kuyasikia tena. Kesho yake Gazeti la Serikali lilitoka na tangazo la kifungu kimoja: kioevu chochote kitokacho Kisima Namba Moja ni mafuta, hata kikiwa maji. Nililichapa mimi. Askari wanne wakawekwa kulinda.

*

Ghafla, siku ya tatu, Bi Nyamizi alikamatwa na ndoo moja ya mafuta ya taifa.

Hakukimbia. Alipita katikati ya askari wawili, akainamia dimbwi lililotuama chini ya koki inayovuja, akajaza, akajitwika. Walipomwuliza anapeleka wapi, alisema anakwenda kupika ugali. Shtaka likaandikwa: kupatikana na mafuta ghafi lita ishirini kwa nia ya ugali.

Waziri alimwita Sikudhani ofisini siku moja kabla ya kesi. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya miwani.

"Binti yangu," alisema, na sauti ilikuwa ya upole, "wewe ndiye mtaalamu pekee aliyekigusa kile kiini. Mahakama itakuuliza swali moja: ni mafuta? Utasema ndiyo. Neno fupi. Ukitoka pale utakuwa Mkurugenzi wa Viini vyote nchini."

"Na yule mama, Mheshimiwa?"

"Miaka mitano. Atatoka bado ana nguvu."

"Ana miaka sitini na nane."

Waziri akashusha pumzi. "Unadhani mimi sijui maji, Sikudhani? Nimezaliwa kijijini. Lakini nimekwisha kuyaita mafuta mbele ya taifa. Sasa mimi nikimbilie wapi?"

Nilishangaa, maana hilo ndilo neno pekee la kweli nililowahi kumsikia akisema, na hakuniambia niliandike. Sikudhani akasema, "Pole, Mheshimiwa," akaaga. Kwenye ngazi nilimwona ameshika ukuta.

*

Mahakama ya wilaya haikuwa na hewa. Jenereta lilikuwa limezimwa tangu uzinduzi, likisubiri mafuta ya Makavuni. Hakimu Tegemea Malugu, mama mnene mwenye leso mbili, alikuwa anajipepea kwa jalada la kesi nyingine. Mbele yake, juu ya kigoda, kilikaa kielelezo namba moja: ndoo ya bluu, imejaa hadi mdomoni, baridi, imetoa jasho pembeni.

Mwendesha mashtaka alimsimamisha Sikudhani. "Mtaalamu, jibu ndiyo au hapana. Hicho ni mafuta?"

Sikudhani alitazama kizimbani. Bi Nyamizi alikuwa ameketi sakafuni kwa sababu ya mgongo, anamtazama bila kumwomba kitu.

"Hapana," alisema. "Ni maji. Mistari ya kisima haikuweza kutenganisha, kiini kimetenganisha. Ni maji matamu, Mheshimiwa Hakimu, na kwa hesabu zangu yako ya kutosha wilaya nzima kwa miaka mia."

Ukumbini watu wakavuta pumzi. Mwendesha mashtaka akaruka. "Shahidi amegeuka! Gazeti la Serikali linasema ni mafuta!"

"Hebu tuone," alisema Hakimu. Aliomba kiberiti. Karani wa mahakama akawasha njiti, akaitumbukiza ndooni. Ikalia *chwii*, ikafa. Njiti ya pili vilevile.

"Haya ni mafuta yenye subira," alieleza mwendesha mashtaka, jasho linamtiririka kwenye kola. "Hayana papara ya kuwaka."

Hakimu aliitazama ndoo. Akatazama dirisha, ambalo halikuwa likileta upepo wowote. "Naomba kikombe," alisema.

"Mheshimiwa, hicho ni kielelezo!"

"Mahakama inakikagua."

Alikikagua kikombe kizima bila kupumua. Akafumba macho. Akakikagua cha pili. Kisha, kwa kuwa haki lazima isikilize pande zote, akaamuru upande wa mashtaka nao ukague. Mwendesha mashtaka alikataa, akalazimishwa, akanywa, akanyoosha kikombe tena. Wazee wa baraza wakakagua. Askari wa kizimbani akakagua. Mimi mwenyewe niliitwa nikague, na nakiri nilikagua mara mbili.

Ndoo ilipokauka, Hakimu alijifuta midomo kwa leso ya pili na kusoma hukumu. Alisema yeye hana mamlaka ya kupingana na Gazeti la Serikali. Lakini mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kielelezo ambacho imekwisha kukinywa. "Mshtakiwa, nenda nyumbani. Na ukipita pale kisimani, kama kutakuwa na dimbwi, mimi sijaona."

Mwendesha mashtaka hakukata rufaa. Angelazimika kuandika sababu.

*

Barua ya kumfukuza kazi Sikudhani niliichapa mimi, Jumatatu. Ilimshukuru kwa utumishi uliotukuka na kumtaka arudishe rula. Nilikosea kuichapa mara nne, jambo ambalo si kawaida yangu.

Makavuni haikuhamishwa, kwa sababu Jiji la Mafuta lilikosa mahali pa kuanzia: kila fundi aliyepelekwa alikuta watu wamepanga ndoo. Askari wanne waliokuwa wanalinda walikuwa wa kwanza kwenye mstari. Tangazo la Gazeti nalo halikufutwa, maana kulifuta kungemaanisha lilikuwepo kwa makosa. Kwa hiyo kila ndoo inaandikwa Wizarani kama mafuta, na mwezi uliopita Waziri alitangaza kwa fahari kwamba mwananchi wa Makavuni hutumia mafuta mengi kuliko mwananchi wa nchi yoyote duniani.

Nilitumwa kuhakiki takwimu hiyo. Nilimkuta Sikudhani uani kwa Bi Nyamizi, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amefika asubuhi ile kwa miguu kutoka njia kuu, na begi lile lile, baada ya miezi ya kutafuta kazi mjini bila kupata.

"Nimefukuzwa, mama," nilimsikia anasema. "Sina nyumba ya serikali wala mshahara. Sijui sasa nielekee wapi."

Bi Nyamizi alikuwa anamwagilia mchicha. Hakugeuka. "Kwanza oga, mwanangu. Mengine tutayaongea ukiwa umeoga."

"Kikombe kiko wapi?"

"Kikombe cha nini? Chukua ndoo. Chukua mbili."

Sikudhani akabeba ndoo mbili hadi nyuma ya uzio wa mabua, na kwa muda mrefu tulisikia maji yakimwagika juu ya mtu, bila kupimwa, na sauti yake ikianza kulia na kuishia katika kicheko.

Mimi ni mtumishi mwaminifu na sheria bado ni sheria. Nilifungua daftari, nikaandika: *Saa nne asubuhi, mtaalamu wetu wa zamani amejimwagia lita arobaini za mafuta ya taifa mbele ya mashahidi. Yuko salama. Anaimba.*